Nimempeleka paka wa wifi hosteli ya wanyama: nyota nne kati ya tano

Naandika huku napiga chafya. Paka kaondoka siku kumi na moja zilizopita na mi bado naamka pua imeziba na macho yanawasha, kwa hiyo mkiona hasira mahali mahali mjue sio za hosteli, hosteli wamefanya kazi yao.

Kwa wasiopenda kusoma marefu: nimemlaza paka siku tisa kwenye hosteli ya wanyama, paka mwenyewe sio wangu, katoka mzima, kaongezeka kidogo, taarifa nilikua napata kila siku, nyota nne. Jina la hosteli silitaji maana kuna mawili matatu nitawalalamikia hapo chini na sitaki maneno na watu. Ila nitaeleza wanavyofanya kazi, maana mi kabla ya hapa nilikua najua hosteli ya paka ni anasa ya watu wenye hela za kuchezea, na sasa hivi namba yao nimeisevu juu kabisa, inaanza na herufi A mara tatu ili nisiitafute.

Sasa mtu asiyefuga hata kuku kafikaje hosteli ya paka. Habari inaanzia kwa wifi yangu.

Wifi ana paka dume, rangi ya machungwa, linene, linaitwa Kanali. Alikua anasafiri, siku tano. Akampigia kaka yake, yaani mume wangu, na mume wangu badala ya kusema ndio au hapana akasema "we muulize mwenyewe, si yeye ndo anashinda nyumbani". Mi nafanyia kazi nyumbani jamani. Nina laptopu, nina bosi, nina mikutano ya video ambayo usipowasha kamera unaulizwa, lakini kwa ukoo mzima mi ni mtu aliyekaa tu anasubiri kupewa shughuli.

Nikakataa. Tena nilikataa vizuri tu, nikamwambia wifi nina aleji, nikikaa na paka chumba kimoja saa moja macho yanavimba. Akasema sawa wifi wala usijali. Nikafurahi, mjinga mimi. Nusu saa haijaisha mama mkwe huyo hewani. Hakuanza na paka, alianza na afya yangu, akaja kwenye kazi, akapita kwenye harusi ya mtu nisiyemjua, halafu anakaribia kuaga ndo anasema "hivi mwanangu, umemkatalia mwenzio kakiumbe kadogo vile?" Nikasema mama nina aleji. Akasema aleji ni kufagia tu, manyoya yakifagiwa hamna aleji.

Niseme hili hapa hapa maana nimeambiwa na watu zaidi ya kumi: kinachotusumbua wengi wetu sio manyoya. Ni protini, inaitwa Fel d 1, iko kwenye mate ya paka na kwenye mafuta ya ngozi yake. Paka anajilamba kutwa nzima, mate yanakauka, yanakua vumbi dogo sana linaloelea hewani na kuganda kwenye mapazia, makochi, godoro. Ukifagia ndo unalirusha. Na paka akishaondoka lile vumbi linabaki miezi. Kwa hiyo hizi chafya mnazozisoma nilizisaini siku ile kwenye simu ya mama mkwe.

Maana nilikubali. Yaani sikukubali kwa mdomo, nilisema "basi tutaona mama", na kwenye familia hii "tutaona" ni risiti.

Jumapili jioni wifi huyo mlangoni, keji mkono mmoja mfuko mkono mwingine, gari linaunguruma chini. Hakukaa. Kwenye mfuko mlikua na bakuli moja, kijiti chenye unyoya wa kuchezea, na chakula kikavu kwenye mfuko wa nailoni uliobanwa na kibanio cha nywele. Beseni la mchanga hamna. Mchanga hamna. Kadi ya kliniki hamna. Nikauliza wifi huyu atajisaidia wapi, akasema "ah huyo ana akili, mfungulie tu mlango atatoka mwenyewe". Tunakaa ghorofa ya tatu. Akanibusu mimi, akambusu Kanali, akambusu Kanali mara ya pili, akashuka ngazi mbio.

Siku mbili za kwanza sikumuona. Alitoka kwenye keji tumbo linagusa sakafu akaingia nyuma ya mashine ya kufulia, akakaa huko. Usiku nilikua nasikia kitu kinatembea, asubuhi chakula kiko vilevile. Nikasema atakula akisikia njaa, mbona binadamu tunafunga. Baadae daktari ndo akanisomesha kwamba paka sio mtu wa kufunga, akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta yanakimbilia kwenye ini na ini linaanza kufeli. Mi sikujua. Mume wangu akaona huruma akamwekea maziwa, akayanywa yote, na paka wengi wakubwa hawayawezi maziwa tumboni, kwa hiyo siku ya tatu nyuma ya mashine ya kufulia kulikua na habari ambayo sitaisimulia.

Siku ya nne akakojolea kitanda. Upande wangu. Nimefua shuka mara tatu, godoro nimelisugua na sabuni ya unga, nikalimwagia dawa ya kusafishia yenye amonia, ambayo kumbe ndo kosa kubwa kuliko yote, amonia inanukia kama mkojo kwa hiyo umemwambia paka choo ni hapa. Akarudia. Kinachosaidia ni dawa ya vimeng'enya, inauzwa kwa wafugaji, unamwaga unaacha ilowe masaa inavunja ule mkojo wenyewe. Hiyo dawa ningeipa nyota tano ila nimeijua godoro limeshakufa.

Nampigia wifi hapokei. Meseji, tiki mbili za bluu, kimya. Siku ya tano, siku ya kurudi, ndo akaandika: "Wifi mpenzi nimeongezewa wiki mbili huku, Kanali hajambo?" na kimdoli cha moyo.

Sasa siku ya sita. Hii nataka mtu yoyote aliyewahi kuachiwa paka dume aisome polepole.

Nilikua nimeshamnunulia beseni na mchanga. Jioni nikawa namuona anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anatoka. Anaingia tena. Nilihesabu mara tisa kabla ya taarifa ya habari kuisha. Kila akichuchumaa anakaza mgongo anatoa sauti ya chini, sio mlio wa njaa, sauti kama mlango mbovu. Akitoka anajilamba kule kule bila kuacha. Nikaangalia mchanga, mkavu. Kona moja kulikua na tone moja dogo la rangi ya waridi.

Mi nikajua amefunga choo kwasababu ya yale maziwa na mambo yote. Nikampigia wifi, muujiza akapokea, nikamuelezea, akasema "huyo anadeka tu, mimi nisipokuwepo huwa anadeka". Nikampigia mama mkwe maana yeye amefuga paka miaka mingi, akasema mpe parasetamoli robo kwenye maji. Namshukuru Mungu nyumbani dawa ilikua imeisha. Paka ini lake halina uwezo wa kuichakata parasetamoli, inaharibu damu yake, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mama mkwe hakuwa na nia mbaya, alikua anatoa huduma ya kwanza anayoijua. Lakini oneni hapo: mtu anayesema anadeka ni mwenye paka, mtu anayesema mpe dawa ni mzoefu wa paka, na mimi nisiyejua kitu ndo niko naye sakafuni saa nne usiku.

Tukampeleka kliniki ya usiku. Daktari alimshika tumbo mara moja tu, uso ukabadilika. Akasema njia ya mkojo imeziba. Kwa paka dume mrija ni mwembamba sana, vikitokea vichembe vichembe au uvimbe mkojo unarudi nyuma, figo zinaelemewa, madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu na moyo unasimama. Akiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Nikauliza imetokana na nini, akasema mara nyingi ni dume aliyehasiwa, mnene, anakaa ndani, anakula chakula kikavu, maji hanywi ya kutosha, halafu anapata msongo. "Kuna kitu kimebadilika kwake karibuni?" Nikacheka. Sio kicheko cha furaha.

Halafu yakaja maswali. Ana miaka mingapi? Sijui. Kahasiwa lini? Sijui. Chanjo? Sijui. Ameshawahi kuugua hivi? Sijui. Ana aleji na dawa yoyote ya usingizi? Sijui. Daktari kijana wa watu hakunisema, ila kila "sijui" aliiandika, naiona kalamu inakwenda. Mwisho binti wa mapokezi kanipa fomu ya kukubali alazwe usingizi awekewe mpira wa mkojo, na imeandikwa kwamba kuna uwezekano wa kufa. Penye mmiliki nikaandika jina la wifi. Penye sahihi nikaweka yangu. Binti akaangalia mstari wa juu, akaangalia wa chini, akaniangalia mimi. Wifi tumempigia mara sita hapo kaunta. Hela nimelipa mimi, na hela ile ndo ilikua ya godoro jipya.

Akalala kliniki siku mbili na mpira. Akapona. Nilivyoenda kumchukua nikamuuliza daktari ukweli, nikamwambia dokta mi huyu siwezi, naogopa, nina aleji, kutwa niko kwenye mikutano. Akasema kwanza hali hii inapenda kurudi siku za mwanzo, lazima mtu amuangalie anakojoa mara ngapi na kiasi gani. Pili akasema kinachomfaa zaidi ni nyumbani kwake mwenyewe, mtu aende mara mbili kwa siku kumlisha na kumsafishia, maana paka ameoana na nyumba. Nikasema wifi kafunga nyumba kaondoka na funguo zote. Akanyamaza kidogo ndo akanipa jina la hosteli.

Haya, tumefika kwenye huduma yenyewe.

Nilipiga simu nikijua nitaulizwa saa ngapi namleta na hela ngapi. Mama aliyepokea, mwenye sauti ya mwalimu mkuu, swali la kwanza: "Paka ni wako?" Nikasema wa wifi. Akasema basi naomba namba ya wifi. Nikasema hapokei simu huyo. Akasema "wewe nipe".

Wifi alipokea mlio wa pili. Namba mpya si unajua, mtu anadhani ni mambo ya hela. Mi niko pembeni nimewekwa kwenye spika nasikia kila kitu. Yule mama hakumsalimia kwa kirefu, alianza: jina la paka, miaka, amehasiwa lini, anakula nini, anakunywa kwenye nini, beseni lake nyumbani ni la wazi au la kufunikwa, akiogopa anajificha wapi, ameshawahi kuziba mkojo. Na wifi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "ndio, mwaka jana, mara moja".

Mwaka jana. Mara moja. Nilikaa kwenye kiti.

Kwenye fomu yao kuna boksi mbili: mmiliki, na aliyemleta. Mtu mwingine anaweza asione maana yake, mi nilitaka kulia. Aliyemleta anaandika jina na namba tu. Mengine yote ni ya mmiliki: anathibitisha paka ni wake, anaandika kiwango cha hela ambacho wakimpeleka kwa daktari wanaruhusiwa kutumia bila kumpigia, anaandika tarehe ya kumchukua, na chini ya tarehe kuna mistari inayosema akichelewa analipa bei ya juu kwa kila siku, na akizidisha siku kumi na nne bila mawasiliano paka anahesabika ametelekezwa. Wifi alitumiwa kwenye simu, akajaza, akarudisha, akalipa nusu ya hela kabla Kanali hajapokelewa. Mtu aliyenikalia kimya siku tisa alimaliza yote kwa dakika arobaini.

Nimelifikiria sana hili. Mimi nilipiga simu nikabembeleza nikatuma picha za godoro. Wao hawakubembeleza. Walikua na karatasi na walikua tayari kusema hatumpokei. Basi.

Kadi ya chanjo pia waliikomalia, wanataka ile ya magonjwa ya paka ya kawaida, ya mafua na ya tumbo, na ya kichaa cha mbwa, na wanaangalia tarehe. Wifi akatuma picha ya kadi, kumbe ilikua kwenye droo ya gari muda wote. Wakaomba na barua ya daktari kwa ajili ya ule mkojo.

Sehemu yenyewe ni ya kawaida, usitegemee vioo na muziki. Paka wako jengo lao, mbwa wako upande mwingine kabisa na harufu zao na kelele zao, na hili nilimuuliza daktari nae akasema ndo la kwanza kuangalia. Kila paka ana kichumba chake cha kuingia mtu akasimama, kina rafu ya juu ya kupanda na boksi lenye tundu la kujificha. Beseni liko kona moja, chakula na maji kona nyingine mbali, na mimi pale pale nikakumbuka kwangu nilimuwekea bakuli pembeni ya beseni, kama mtu kukuandalia meza chooni. Ukuta kati ya paka na paka umezibwa wasionane. Nilinusa kwa makusudi, kama mnavyonijua pua yangu, kulikua na harufu ya dawa kidogo, ya mkojo hamna.

Kijana aliyempokea nataka nimsifie. Hakumtoa Kanali kwenye keji. Aliweka keji chini, akafungua mlango, akakaa sakafuni kampa ubavu, yaani hamuangalii kabisa, anaongea na mimi habari zingine. Kama dakika kumi na tano. Kichwa cha machungwa kikachungulia. Kijana akageuka kidogo, akafumba macho polepole akafumbua polepole, kama mtu anayesinzia. Kanali akamuangalia, na yeye akafumba. Nikasema hee. Kijana akasema "ndo salamu yao dada, ukimkazia macho anajua unataka ugomvi". Na mi siku zote tisa nilikua namkazia macho nyuma ya mashine ya kufulia na tochi ya simu.

Taarifa zinakuja kila jioni, picha moja na mistari michache. Hazina maua. "Kala robo tatu. Chakula cha maji. Kakojoa mara tatu, mabonge ya kawaida. Kapanda rafu." Hiyo ya mabonge ni kwasababu mchanga wao unashikana ukilowa, kwa hiyo wanahesabu na kuona ukubwa, wanachota asubuhi na jioni. Ilinifanya nilale. Jamani nimekaa na mume miaka saba sijawahi kufurahia habari za choo cha mtu kiasi kile. Zilikua zinaenda kwa wifi na kwangu, sote wawili, na wifi siku ya tatu akaanza kujibu, akaanza kuuliza maswali, mara mbona leo kala nusu, mara muongezeeni maji. Nikasema kumbe simu inafanya kazi.

Haya nyota iliyokatwa.

Siku ya nne walituma picha ya paka mwingine. Machungwa vile vile, mnene vile vile, ila mguu wa mbele mweupe kama kavaa soksi. Kanali hana soksi. Roho ilinitoka, nikajua wameshambadilisha au ameshakufa wanatafuta wa kufanana. Nikapiga, haipokelewi, saa moja usiku wameshafunga. Nimelala na hiyo hadi asubuhi saa mbili. Walivyopokea wakacheka, wakaomba radhi, wakatuma video Kanali yuko kwenye rafu yake anapiga miayo. Makosa ya kibinadamu sawa, lakini kama unapokea wanyama wagonjwa lazima kuwe na namba ya usiku, hata iwe ya mlinzi. Ukiwauliza wanakwambia mlinzi yupo. Mlinzi hana simu ya ofisi. Sasa.

Lingine ni hela ya kusimamia dawa. Kanali alikua na vidonge vya siku tano, na kwenye bei niliyotajiwa nilijua kila kitu kimo. Siku ya kumchukua risiti ina mstari wa ziada "kumpa dawa". Sio hela nyingi, na ukimuona Kanali anavyopigana na kidonge utasema wamejipunja, ila semeni mwanzo. Wifi aliupigia kelele huo mstari dakika ishirini pale kaunta, na mimi kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nilikua upande wake kwa kama dakika mbili.

Na muda wa kuchukua ni wa ajabu. Asubuhi mpaka saa tano, halafu tena jioni kwa muda wa saa moja tu. Ukichelewa dakika kumi unalipa siku nzima.

Kuhusu gharama watu wananiuliza inbox. Nitasema hivi: siku tisa za hosteli zilikua chini ya nusu ya nilichoacha kliniki usiku ule mmoja, na hapo sijaweka godoro. Ningempeleka siku ya kwanza kabisa kutoka mlangoni, Jumapili ile ile, wangeuliza kama ameshawahi kuziba, wifi angesema ndio, na wangeanza na chakula cha maji siku hiyo hiyo. Sisemi asingeumwa. Ila angalau mtu angekua anaangalia mchanga.

Kama paka wako hana shida ya kiafya na kuna mtu unayemuamini wa kuachia funguo, hosteli sio lazima, mtu aje nyumbani kwako, paka abaki na makochi yake. Mbwa ni habari nyingine, mbwa anataka watu, sijui sana sitaki kudanganya. Na kama we ndo unayeombwa kukaa na mnyama wa mtu na umebanwa kwenye kona kama nilivyobanwa mimi, usijibu "tutaona". Mi sasa hivi ile fomu yao nimeiweka kwenye simu. Mtoto wa shangazi wa mume wangu juzi kaniuliza kama naweza kukaa na kasuku wake "wikendi tu", nikamwambia poa kabisa, jaza hii, nikamtumia. Kasuku kapata pa kwenda kwingine, na mimi sijakataa.

Wifi alirudi siku ya kumi na tisa. Alimchukua Kanali mwenyewe, mi nilienda kwasababu jina langu liko kwenye boksi la aliyemleta na lazima nisaini kutoka. Kanali alikua kapanda rafu ya juu, alimuona wifi akashuka taratibu kama bosi. Hela ya kliniki bado tunaongea. Nimeambiwa nitumiwe mwisho wa mwezi, sijaambiwa mwezi gani.

Halafu jana hosteli wamenitumia meseji, kwamba chanjo ya Kanali inakaribia kuisha, naombwa nimpeleke. Namba yangu bado iko kwenye faili lake. Nikaifowadi kwa wifi bila neno lolote. Akajibu chapchap safari hii: "Asante wifi, kwani utampeleka siku gani?"

Nimewapigia hosteli wafute namba yangu. Wamesema watafuta, ni siku ya pili hii, asubuhi nimepata tena ya kunikumbusha. Kwa hiyo ile nyota ya tano hairudi.